Wali umekuwa uji, kuku mbichi mfupani: nifanyeje wageni wakija tena?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeanza kujifunza kupika mwaka huu, na nikipikia watu wawili chakula kinatoka vizuri tu. Mwezi uliopita nilialika wageni sita kwa mara ya kwanza, tukawa wanane mezani. Nilichukua vipimo vyangu vilevile nikazidisha kila kitu mara nne. Wali ukawa kama uji. Kuku alionekana ameiva kwa nje, kumbe karibu na mfupa bado mbichi, ikabidi nimrudishe motoni wageni wakisubiri. Tulipanga kula saa 2 usiku, tukala saa 4, na jioni nzima sikukaa kitini. Jiko langu ni la gesi, la pleti mbili tu. Wageni walewale watakuja tena Jumamosi ijayo. Nibadilishe nini? Na wakiniuliza walete nini, niwajibuje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulipomrudisha yule kuku motoni huku watu wanasubiri, ulifanya jambo sahihi kabisa. Wapishi wengi wangeona haya, wakamwandaa hivyohivyo. Anayeweza kuvumilia aibu ya kuchelewa ili wageni wake wasiugue ana moyo wa upishi tayari, na mengine yanafundishika.

Kupika unajua. Kilichokuangusha ni hesabu ya kuzidisha, kisha saa. Vyakula havikubali kuzidishwa kwa namna moja, na jiko la pleti mbili haliongezeki pleti kwa sababu wageni wameongezeka.

Tuanze na wali. Nadhani kwa watu wawili unatumia kikombe 1 cha mchele na vikombe 2 vya maji, na wali unachambuka vizuri. Kwa wanane ukaweka vikombe 4 na maji vikombe 8. Sasa jiulize maji yale huenda wapi. Mchele wenyewe hunywa maji yanayokaribia ujazo wake, kikombe kwa kikombe au zaidi kidogo. Yanayobaki hupaa kuwa mvuke. Na mvuke hutegemea upana wa mdomo wa sufuria, mfuniko unavyobana na dakika ulizoacha motoni. Haujali kama ndani mna kikombe 1 au vikombe 4. Ulizidisha mchele mara nne, lakini mvuke haukuzidi mara nne. Maji ya ziada yakakosa pa kwenda, wali ukaendelea kulowa na kulainika mpaka ukavurugika. Mtu akikwambia ulikoroga sana au mchele ulikuwa mbaya, huenda, lakini hesabu ile peke yake ilitosha kukupa uji.

Kwa vikombe 4 vya mchele anza na vikombe 5 na nusu vya maji, au 6 kama mfuniko wako haubani. Aina za mchele hutofautiana, kwa hiyo katikati ya wiki nunua mchele uleule utakaoutumia Jumamosi, upike vikombe 2 kwa maji vikombe 3 na robo, uone. Tumia sufuria pana badala ya ndefu, wali usipite nusu ya kina chake, maana wali wa chini hubebeshwa uzito wa ule wa juu na huiva kabla yake. Maji yakishachemka na mchele umeingia, punguza moto kabisa, funika, usifunue kila dakika. Baada ya dakika 18 hivi zima moto na uuache umefunikwa dakika 10 nyingine. Hizo dakika 10 watu huziruka, nami nazisisitiza: ndizo zinazofanya unyevu uliobaki chini upande na kuenea, na punje za juu zimalizie kuiva kwa mvuke. Ndipo uuchambue kwa uma.

Kuku naye alikuwa na kisa chake. Vipande vingi vilivyotoka kwenye friji, vimebanana kwenye chombo kimoja, hushusha moto ghafla. Vya pembeni vinaiva, vya katikati vinachemka katika maji yao wenyewe, na paja nene linabaki nyuma ya bawa. Siku ukipika kuku wa wengi, kata vipande vya ukubwa unaolingana, itoe nje ya friji nusu saa kabla ile minofu minene, gawa katika awamu mbili, na usiamini macho. Nyama karibu na mfupa inaweza kuwa nyekundu ilhali imeiva, au kuwa nyeupe ilhali bado. Kipimajoto cha jikoni ndicho kinachokata ubishi: kichome penye nyama nene zaidi bila kugusa mfupa, kikisoma nyuzi joto 74 kuku ameiva. Ni kifaa kidogo, na kwa anayepikia watu wengi ningekiweka mbele ya vifaa vingine vyote isipokuwa kisu kikali.

Na ukiwa na kuku mbichi, usimwoshe chini ya bomba. Najua wengi tumelelewa tukiona kuku akioshwa, na kuacha ni vigumu. Lakini maji yanayoruka hutawanya vimelea kwenye sinki, vyombo na saladi iliyo pembeni, na moto ndio unaoviua, maji hayaviui. Mfute kwa karatasi ya jikoni uitupe, ubao uliomkatia uuoshe kwa sabuni na maji moto kabla ya kukatia kitu kingine.

Hata hivyo Jumamosi hii nakuomba umwache kuku. Hapa nafika kwenye ushauri wangu mkubwa, na ukisahau yote ubaki na huu: chakula cha wageni chagua kwa kuangalia saa ya mwisho kabla ya kula. Jiulize, katika saa hiyo, ni vitu vingapi vitanihitaji nisimame juu yake? Vikizidi kimoja, badilisha. Mwanzoni huwa tunachagua vyakula kwa kutamani: hiki kitamu, hiki kinapendeza machoni, hiki sijawahi kukijaribu. Kisha tunajikuta na vitu vitatu vinavyotaka kukaangwa dakika ileile kwenye pleti mbili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe mwezi uliopita mgeni alikuja na hukupona, kwa sababu kila ulichochagua kilikudai dakika za mwisho.

Kwa hiyo pika mchuzi wa nyama, na uupike Ijumaa. Wali utaiva Jumamosi na kujitunza wenyewe chini ya mfuniko. Saladi ni baridi. Mboga za majani ndizo pekee zitakazokuhitaji mwishoni, nazo ni dakika 8. Baada ya chakula, matunda yaliyokatwa. Huo ni mlo kamili wa kumpa mgeni yeyote kwa heshima.

Mchuzi wa nyama uliolala hauna kasoro, tena mara nyingi unashinda wa siku ileile. Nyama ngumu, kama shingo, kidari au muundi, imejaa tishu nyeupe zinazoshikilia misuli. Ukiipika polepole kwa saa 2 au 3, tishu hizo huyeyuka na kuwa utomvu laini, ule unaofanya mchuzi uliopoa ugande kidogo. Usiku kucha vionjo vinaingiana, vile vikali vinatulia, na mafuta yanaganda juu ambapo unayakomba kwa kijiko. Usinunue nyama laini ya kuchoma kwa kazi hii. Ni ghali, na saa 2 za moto huifanya ikauke na kuwa kama uzi.

Kiasi: nyama isiyo na mfupa hesabu gramu 150 hadi 200 kwa mtu kabla ya kupikwa, kwa sababu ikiiva hupoteza robo hadi theluthi ya uzito. Kwa watu wanane, kilo 1 na nusu inatosha. Ikiwa na mifupa nunua kilo 2 na kidogo. Mchele vikombe 4 ni kama gramu 800, yaani gramu 100 kwa mtu, na mlaji mkubwa atapata pa kuongeza.

Ijumaa asubuhi, au hata Alhamisi usiku, kata nyama vipande vya ukubwa wa sanduku la kiberiti, uitie chumvi na kuiweka kwenye friji. Gramu 10 za chumvi kwa kilo moja ya nyama. Kwa kilo 1 na nusu ni kama vijiko viwili na nusu vya chai vya chumvi laini. Chumvi inahitaji saa kadhaa kuzama ndani. Ile unayotia mwishoni hubaki kwenye rojo, na nyama ikitafunwa inakuwa haina neno.

Jioni, kabla ya kuinjika, ifute nyama ikauke, kisha ikaange kwa awamu. Hapa usiharakishe. Maji huchemka kwa nyuzi 100 na kwa kawaida hayapiti hapo. Rangi ya hudhurungi inayotoa harufu tamu ya nyama iliyokaangwa huanza kujitokeza vizuri nyuzi 140 hivi na kwenda juu. Maana yake, maadamu kuna maji kwenye kikaango, nyama itapauka na kuchemka, haitakaangika. Ukimwaga kilo nzima kwa mkupuo, inatoa maji yake yote na unapoteza nusu ya utamu kabla mchuzi haujaanza. Weka vipande vichache vyenye nafasi kati yake, viache dakika 3 au 4 bila kuvigusa, geuza, toa, weka vingine. Ndiyo, kwa kilo 1 na nusu utafanya awamu nne au tano. Huu ndio muda unaozidi kwa kweli unapopikia wengi, na ndio watu husahau kuuhesabu.

Kisha vitunguu. Maandishi mengi ya mapishi husema kaanga vitunguu dakika 5 mpaka viwe vya kahawia. Sijapata kuona vitunguu vilivyofanya hivyo. Ndani ya dakika 5 vinalainika tu. Ukivilazimisha kwa moto mkali vinaungua kingo na kubaki vibichi katikati. Vitunguu vinne vikubwa kwenye moto wa wastani vinataka dakika 20 hadi 30, na kila vikianza kushika chini unavinyunyizia maji kijiko kimoja, unakwangua ile rangi iliyoshika na kuirudisha kwenye vitunguu. Panga nusu saa hiyo kwenye ratiba yako mapema, usije ukaiiba kwa kukata tamaa. Halafu vitunguu saumu, viungo upendavyo, nyanya, nyama na maji.

Maji ya mchuzi nayo usiyazidishe mara nne, kwa sababu ileile ya wali. Yatie yafike karibu kufunika nyama, basi. Ya kuongeza utaongeza, ya kupunguza yatakugharimu saa nzima. Pilipili na viungo vikali zidisha pungufu ya hesabu, onja, kisha uongeze. Muda wa kutokota haubadiliki sana, maana kipande cha nyama ni kilekile hata kama wenzake wameongezeka. Moto uwe mdogo, povu moja moja zikipanda. Ukiacha ichemke kwa fujo nyama inakaza.

Ikishaiva, usiiache sufuria nzima juu ya jiko mpaka asubuhi. Mchuzi mwingi ndani ya sufuria ndefu unaweza kukaa vuguvugu saa nyingi, na vimelea hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Ugawe kwenye vyombo vipana vya kina kifupi, uache mvuke utoke, na ndani ya saa 2 viwe vimeingia friji.

Sasa Jumamosi, tuihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Mnakula saa 2:00 usiku. Mboga za majani zinaingia motoni saa 1:45, zikiwa zimekwisha oshwa na kukatwa. Wali unabandikwa saa 1:00 na kuepuliwa saa 1:30 hivi; ufunge sufuria na taulo nene pamoja na mfuniko wake, nusu saa baadaye bado utakuwa unatoa moshi. Pleti uliyoepulia wali ndiyo inayopokea mboga. Pleti ya pili ni ya mchuzi, unaoanza kupashwa saa 1:10 kwa moto mdogo. Usidharau muda wa kupasha: mchuzi wa kilo kadhaa uliotoka friji huchukua dakika 30 hadi 40, na huungua chini kabla juu haijapata joto, kwa hiyo ukoroge ukifika mpaka chini, na uhakikishe umechemka kabisa. Saladi ikatwe saa 11 jioni na kuwekwa kwenye friji, ila chumvi na limau itiwe mnapokaribia kula, la sivyo inatoa maji na kunyong'onyea. Sahani, glasi na vijiko vya kupakulia vihesabiwe na kupangwa mchana. Kumbuka kila bakuli linahitaji upawa au kijiko chake.

Saa 12:30 jioni sinki iwe tupu na wewe uwe umeoga. Nalichukulia hili kwa uzito uleule wa chumvi. Mgeni anapoingia akakukuta umetulia, naye anatulia, na hata chakula kikichelewa robo saa hakuna atakayeona.

Iandike ratiba hiyo kwenye karatasi, uibandike ukutani usawa wa macho. Kichwani haitoshi, mlango ukibishwa na watu watatu wakakusalimu kwa pamoja, utasahau kama wali una dakika 5 au 15.

Onja Ijumaa, uonje tena Jumamosi mchuzi ukiwa wa moto, kwa sababu ulimi hausikii ladha ya kitu baridi kama usikiavyo ya kitu moto. Ukiona kuna kitu kinapungua na chumvi ipo ya kutosha, kamulia limau kidogo kwanza kabla ya kutia kitu kingine. Mara nyingi uchachu ndio uliokosekana. Chumvi ikizidi, watakwambia utumbukize kiazi kinyonye. Kiazi hunyonya mchuzi wenye chumvi, hakichagui chumvi peke yake, na mchuzi unaobaki una ukali uleule. Dawa ni kuongeza kisicho na chumvi: nyanya zilizopikwa, maji, viazi vya kuliwa humohumo, na wali usiutie chumvi kabisa. Mchuzi ukiungua chini, zima moto, hamishia sufuria nyingine kile kinachotoka chenyewe, usikwangue hata kidogo. Ukikwangua, harufu ya moshi inaingia kote na haitoki.

Wapigie wageni simu kabla ya Alhamisi uwaulize kuna asiyekula kitu gani. Ulizia waziwazi karanga, samaki, maziwa, mayai na ngano, kwa kuwa kuna miili ambayo kiasi kidogo tu cha hivyo huidhuru vibaya, na wengine huona haya kusema wasipoulizwa.

Mkimaliza kula, wali uliobaki usiachwe mezani mazungumzo yakinoga hadi usiku wa manane. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa katika joto la chumba mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie friji, na ule kesho yake ukiwa umepashwa moto sawasawa. Ukikuta umelala nje usiku kucha, utupe hata kama haunuki.

Kuhusu swali lako la mwisho: wakikuuliza walete nini, usiseme "msijali". Ukimwambia mgeni asilete kitu atakuja na kitu hata hivyo, na huenda kikawa kinachohitaji kukaangwa, kwenye jiko lako la pleti mbili, saa 1:50. Mmoja mwambie alete matunda yaliyokwisha oshwa, mwingine vinywaji vilivyopoa, na wa tatu aje dakika 20 mapema akupangie meza. Huyo wa tatu mchague yule unayezungumza naye kwa urahisi, maana ndiye atakayekuwa nawe jikoni unapotia mboga motoni.